Aliyeshika Upawa

Mimi ndiye niliyeshika upawa siku ile,
msitafute jina langu kwenye muhtasari wa kikao.
Muhtasari unasema: wajumbe kumi na wanane,
ajenda moja, mpaka wa majaluba ya chumvi
kati ya Kibirikani na Ndumbani,
dua, kisha chakula.
Hausemi kwamba chakula kilitangulia.

Ng'ombe alitoka kwa Mbwana Sechonge,
mwenye fuso mbili na mashine ya kusaga chumvi.
Mchele wake, mafuta yake,
hata turubai la buluu tulilokaa chini yake:
kivuli nacho kilikuwa chake.
"Tumekuja kupatana," alisema,
"na hakuna apatanaye na njaa."
Watu wakacheka, wakanawa.

Kabla ya hapo alinijia jikoni, nyuma ya shule,
akanipangia kwa sauti ya chini, kama asomeaye hirizi:
sinia la bwana mpima wa kutoka Tanga mjini, paja na ini;
la diwani, nundu;
la kwetu Kibirikani, mbavu, usizihesabu;
wale wa Ndumbani...
akatazama sufuria, akatafuta neno...
wape shingo. Shingo nayo ni nyama.

Wali wa kushiba huonekana kwenye sinia.
Na mpaka pia.

Hebu watazameni watu sita wakila pamoja.
Hakuna aliyechora mstari,
lakini kila mkono unajua pake,
mtoto hufundishwa kabla hajajua kuhesabu:
kula mbele yako, usivuke.
Nyama iko katikati, haina mwenyewe
hadi mkubwa aimege.
Anamega, anakusogezea, hili lako, hili la yule,
nawe unasema ahsante
kwa kitu kilichowekwa kwa ajili yenu nyote.

Niliuona mkono wa Mbwana Sechonge
ukitoka kwenye sinia lake, ukatua kwenye la Ndumbani,
kumwongezea Mwinchande fupa la uboho.
Ukarimu, mtu angesema.
Mwinchande aliacha kutafuna.
Alilitazama lile fupa
kama aliyeamka akakuta kigingi uani kwake.
Kisha, kwa kuwa watu wanatazama, akalifyonza.

Walitia saini kabla maji ya kunawa hayajawafikia wote.
Karatasi ikapata madoa ya mafuta,
bwana mpima akaipuliza.

Wiki ya pili vigingi vya zege vikashushwa.
Nilivifuata kwa miguu, tope la mikoko magotini,
toka kisima kibovu hadi mlango wa maji,
wala sikuhitaji ramani:
paja, nundu, mbavu, mbavu, mbavu,
halafu kule ambako maji ya bamvua hufika kwanza
na chumvi huoza kabla haijakauka,
shingo.

Nimeolewa Kibirikani, nimezaliwa Ndumbani.
Jaluba la mama yangu liko shingoni.

Sasa niseme ambalo halimo kwenye muhtasari.
Majaluba yalifungwa miaka mitatu kwa amri ya baraza,
hivyo chumvi ya karamu ilikuwa ya pakiti, ya dukani,
imekuja kwa barabara ya lami kutoka nisikokujua
kuwakolezea pilau watu wanaogombea chumvi.
Sufuria mbili nilizitia hiyo.
Ya tatu niliitia ya mama,
ya kijivu, ina mchanga,
niliyoificha muda wote huo ndani ya mto wa kulalia.
Bwana mpima alilamba vidole,
akauliza hii ya mwisho kapika nani,
akaongezwa.

Walipoondoka nikabaki na ukoko.
Ukoko haugawiwi, hauna sinia wala mkubwa.
Akaja Mwanashuri wa Ndumbani na kijiko chake,
hatukuwa tumesemezana tangu msiba wa mama.
Tukakwangua, yeye huku, mimi huku,
mpaka vijiko vikagongana.
Hakuna aliyeomba radhi.